Ruff na pre-commit: mambo ya nafasi na mabano iachie mashine, wewe soma hesabu

Kama mnaandika Python watu wawili watatu kwenye mradi mmoja hili mnalijua, mmoja anaingiza mstari kwa nafasi mbili, mwengine nne, mwengine anabana kila kitu, halafu siku ya kupitiana kodi (code) mnabishana mabano yafungwe wapi na ile hesabu yenyewe hakuna aliyeisoma. Mie msimamo wangu ni mmoja tu, chochote ambacho mashine inaweza kukikagua ipewe mashine, macho ya watu yabaki kwenye majina na mantiki. Ruff ndo zana inayokagua na kunyoosha kodi ya Python, na pre-commit inaiendesha yenyewe kila unapokomiti (git commit). Karafuu hazianikwi na makonyo yake, zinachambuliwa kwanza ndo zinatandazwa jamvini.

Mfano wetu ni kiprogramu cha kuhesabu malipo ya wachumaji karafuu wanaolipwa kwa pishi, tuseme shamba moja liko Konde na jengine Micheweni. Faili linaitwa malipo.py:

```python
import os, sys
def hesabu(j,p,b,lst=[]):
    x=p*b
    if x==None: return
    lst.append((j,x))
    return lst
```

Inafanya kazi, ukiiendesha inatoa jibu, na hapo ndo tatizo linapoanzia.

Hatua ya 1: weka zana

```
python -m venv .venv
source .venv/bin/activate
pip install ruff pre-commit
```

Windows mstari wa pili unakuwa `.venv\Scripts\activate`. Ruff ilitoka 2022, imeandikwa kwa lugha ya Rust na ina kasi ya ajabu, zamani ungehitaji Flake8 ya kukagua, isort ya kupanga import na Black ya kunyoosha, sasa hivi zote hizo unazipata kwenye zana moja. Na jambo jema kwetu sie wa kununua bando, ikishaingia haihitaji tena intaneti kukagua.

Hatua ya 2: iambie unataka nini

Tengeneza faili `pyproject.toml` juu kabisa kwenye folda la mradi:

```toml
[tool.ruff]
line-length = 88

[tool.ruff.lint]
select = ["E", "F", "I", "B"]
ignore = ["E501"]
```

E ni mambo ya mtindo, yanatokana na PEP 8, ule mwongozo wa Python wa tangu 2001. F ni makosa ya kweli kama kuita kitu ambacho hakipo, I ni mpangilio wa import, na B ni mitego, usiiache hiyo. PEP 8 inasema mstari usizidi herufi 79, Black ikaja na 88 na Ruff ikafuata hiyo hiyo, ukitaka 100 weka 100, muhimu mkubaliane mara moja mada ifungwe. E501 nimeizima kwa sababu urefu wa mistari utashughulikiwa na fomata (ile sehemu ya Ruff ya kunyoosha, hatua ya 4), na sentensi ndefu ndani ya alama za nukuu haina haja ya kupigiwa kelele kila siku.

Hatua ya 3: kagua, na usome inachokwambia

```
ruff check .
```

Kwa faili letu itapiga kelele kweli kweli: E401 (import mbili mstari mmoja), F401 (os na sys hazitumiki popote), E701 (if na return zimebanwa pamoja), E711 (kulinganisha na None kwa `==`) na B006 (ile `lst=[]`). Ukiandika `ruff check --fix .` zile import inazifuta yenyewe. E711 na B006 haizigusi, kwa sababu kuzibadilisha kunaweza kubadilisha tabia ya programu. Ipo `--unsafe-fixes` ya kuilazimisha lakini yakhe, hizo zipitie kwa mkono.

Tuanze na B006 maana hii ndo inayokula pesa za watu. Ile `lst=[]` kwenye Python inatengenezwa mara moja tu, pale fanksheni inapofafanuliwa, si kila unapoiita. Kwa hiyo ukiita `hesabu("Asha", 6, 2000)` kwa Konde, halafu kwenye uendeshaji ule ule ukaanza Micheweni kwa `hesabu("Juma", 4, 2000)`, orodha ya Micheweni inatoka na Asha ndani yake. Hakuna ujumbe wa kosa wala nini, ni jumla tu imezidi, na ukijaribu na shamba moja peke yake huoni kitu.

Sasa E711. Ruff inataka `is None` badala ya `== None`, sawa kabisa, lakini hebu tazama mstari wenyewe: x imetokana na kuzidisha, namba kuzidisha namba haitoi None hata siku moja, na kama p ingekuwa None programu ingeanguka mstari wa juu yake. Yaani ukaguzi ule ni bure, unafutwa. Mashine imesahihisha uandishi, kwamba mstari hauna kazi hiyo umeiona wewe. Na kuhusu j, p, b na x haikusema neno, majina ni juu yako.

```python
def ongeza_malipo(mchumaji, pishi, bei_ya_pishi, malipo=None):
    if malipo is None:
        malipo = []
    malipo.append((mchumaji, pishi * bei_ya_pishi))
    return malipo
```

Mtu hata kama hajawahi kuliona faili hili anajua linahusu nini.

Hatua ya 4: nyoosha

`ruff format --diff .` inakuonesha itakachobadilisha bila kugusa kitu, ukiridhika `ruff format .`. Kwa mradi wa zamani fanya hii komiti peke yake, usiichanganye na kazi nyengine, maana italigusa karibu kila faili na mwenzako atashindwa kujua kipi kimebadilika kweli. Namba ya komiti hiyo iandike ndani ya faili `.git-blame-ignore-revs` kisha:

```
git config blame.ignoreRevsFile .git-blame-ignore-revs
```

Git blame, ile amri ya kuonesha nani aligusa mstari upi, itairuka, historia inabaki inasomeka.

Hatua ya 5: ijiendeshe yenyewe

Kukumbuka kila mara hamtokumbuka. Faili `.pre-commit-config.yaml`:

```yaml
repos:
  - repo: https://github.com/astral-sh/ruff-pre-commit
    rev: v0.6.9
    hooks:
      - id: ruff
        args: [--fix]
      - id: ruff-format
```

Kisha `pre-commit autoupdate` ipandishe toleo, na `pre-commit install`. Mara ya kwanza itashusha vitu kwa hiyo ifanye ukiwa na mtandao mzuri. Kuanzia hapo kila ukikomiti inakagua, na ikirekebisha kitu komiti inakataa makusudi, unafanya `git add` tena na unakomiti upya, wengi hapa wanadhani imeharibika. Kila mwenzako lazima aendeshe `pre-commit install` kwenye mashine yake, haiji na git clone. Na kwa kuwa mtu anaweza kuikwepa kwa `--no-verify`, weka `ruff check .` na `ruff format --check .` kwenye GitHub Actions pia, yaani ukaguzi unaoendeshwa na GitHub wenyewe.

Kama mradi ni mkubwa na makosa yanatoka mamia, anza na F peke yake, msafishe, halafu B, halafu zilizobaki. Na pale ambapo kweli unataka kuvunja kanuni andika `# noqa: B006` na namba yake pamoja na sababu pembeni. Ukiandika `# noqa` tupu unazima kila kitu kwenye mstari ule, hata kosa litakaloingia mwezi ujao.