Kabla ya kufunga pedi mpya za breki kwenye basi la sakafu ya chini, sukuma kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) kwa mkono

Kwenye breki za diski za hewa kama Knorr-Bremse SN7, pima kwanza pedi zote mbili za gurudumu. Ya ndani ikiisha mapema kuliko ya nje, shuku pini ambazo kalipa huteleza juu yake, usikimbilie kulaumu pedi. Weka choki, basi likae juu ya stendi za kuinulia gari, achia breki ya kuegesha, toa pedi kuukuu, kisha telezesha kalipa kwa mkono mwanzo hadi mwisho. Ikigoma, usiilazimishe kwa mtarimbo wala kuipulizia mafuta: mara nyingi mpira unaofunika pini umepasuka na kutu imeingia, kwa hiyo badilisha seti nzima ya pini na mipira. Ukiacha, pedi moja itafanya kazi yote na kuisha haraka.

Kipimo hiki hakionyeshi kama kirekebishaji, yaani sehemu inayopunguza pengo pedi zinapolika, kimekwama. Ukishafunga pedi, kirudishe nyuma mibofyo 3, acha spana juu yake, mwenzako akanyage breki taratibu mara 5 hadi 10. Spana lazima isogee kidogo kidogo. Pedi hubadilishwa ekseli nzima, vipande 4, kabla nyenzo ya msuguano haijafika milimita 2.