Kuvuta trela ya pikipiki kwa pikapu iliyoinuliwa, kutoka Changamwe hadi Kwale

Jumamosi iliyopita shemeji yangu alinijia na Hilux yake, dabo kabini, ameiinua inchi 3 na kuivisha matairi makubwa. Alitaka kuvuta trela yangu hadi Kwale. Trela yenyewe ni ya mtindo wa Wamarekani: mbele kuna kitanda na jiko dogo, nyuma ni gereji ya pikipiki, na mlango wa nyuma hulala chini ukawa rampu. Yangu niliundiwa na fundi wa kuchomelea hapa Changamwe. Ina ekseli moja na hubeba Boxer mbili.

Alikuwa tayari anarudi rivasi kuja kuifunga. Nikamwambia, "Shemeji, zima gari kwanza. Niletee tepu na pimamaji." Akaniuliza tepu ya nini, trela si inafungwa tu? Mwongozo huu ni jibu langu kwake.

Hatua ya 1: Ukaguzi

Upepo wa matairi ya trela, grisi kwenye beringi, taa zote na indiketa. Huku pwani chumvi hula plagi ya taa upesi, kwa hiyo ipake grisi kidogo kila mwezi.

Hatua ya 2: Urefu wa boli

Boli ni lile tufe la chuma nyuma ya pikapu ambalo kichwa cha trela hukaa juu yake. Hapa ndipo nilipopoteza siku mbili za maisha yangu, basi nivumilie nikirefusha.

Mara ya kwanza kuvuta trela hii kwa pikapu yangu, iliyoinuliwa vilevile, ilianza kutupa mkia nilipokaribia Mazeras. Mwendo ulikuwa kilomita 60 kwa saa. Nikarudi nyumbani taratibu. Nikabadilisha beringi zote mbili, bado ikayumba. Nikapeleka magurudumu kusawazishwa, bado. Nikamlipa fundi akakaze boliti za springi, bado. Siku ya pili jioni nilikaa kwenye kiti nikaitazama trela kwa ubavu, nikaona pua yake imeelekea juu. Pikapu ilikuwa imeinuka lakini boli ilibaki palepale kwenye chesisi, kwa hiyo nayo ilikuwa imepanda na kuibeba pua ya trela. Pua ikipanda, uzito uliomo ndani huegemea nyuma, mzigo unaoikandamiza boli hupungua, na trela isiyokandamizwa mbele huanza kucheza mkia. Kwa trela ya ekseli mbili, ekseli ya nyuma nayo hubebeshwa mzigo mkubwa zaidi na tairi zake hupata moto.

Pima hivi. Egesha mahali tambarare. Sakafu ya kituo cha mafuta inafaa, uwanja wa mchanga haufai. Weka pimamaji juu ya fremu ya trela, uizungushe jeki ya mbele mpaka trela ilale sawa. Pima kutoka ardhini hadi ndani ya kichwa cha trela, pale boli inapogusa juu. Yangu ni sentimita 45. Sasa pima kutoka ardhini hadi juu ya boli ya pikapu. Ya shemeji ilikuwa 63. Tofauti ni 18, na wengi hapo hapo hukimbilia kununua braketi ya kushusha boli kwa sentimita 18.

Usinunue bado. Trela ikishakaa juu ya boli, na watu na mizigo wakishaingia kwenye pikapu, springi za nyuma hulala. Kwa Hilux ile zililala sentimita 3. Kwa hiyo kushusha alikohitaji ni 15. Pakia kila kitu, kisha pima mara ya pili. Ikikosea, afadhali pua iwe chini kwa sentimita moja au mbili kuliko iwe juu hata kidogo.

Kuhusu braketi yenyewe nina msimamo. Nunua iliyotengenezwa kiwandani, yenye uzito wake umeandikwa juu ya chuma. Nawaheshimu sana mafundi wetu wa kuchomelea, na trela yangu ni kazi ya mikono yao, lakini braketi ndefu ni wenzo: kadiri boli inavyoshuka ndivyo kila mtikiso unavyoipinda zaidi ile shina iliyoingia kwenye pikapu. Mchomeleo ukipasuka kwa ndani hutauona kwa macho. Usikubali kipande cha chuma cha mabaki kilichorefushwa.

Angalia pia namba iliyopigwa juu ya boli. Trela nyingi za huku huchukua boli ya milimita 50. Zile za Kimarekani huchukua ya inchi 2, yaani milimita 50.8. Kwa macho zinafanana, ila boli ya inchi 2 inaweza kukataa kufunga sawasawa kwenye kichwa cha 50. Ukishafunga, zungusha jeki ya mbele kana kwamba unainua trela. Kama pikapu inainuka nayo, kichwa kimeshika. Kisha pitisha minyororo ya usalama kwa kuikingamisha chini ya kichwa, ili kikichomoka kiangukie juu ya minyororo badala ya lami.

Hatua ya 3: Kupakia pikipiki

Trela lazima iwe imefungwa kwenye pikapu kabla gurudumu la kwanza la pikipiki halijagusa rampu. Ikiwa peke yake, uzito kwenye rampu utainua pua na kuiangusha trela kinyumenyume juu yako. Vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu. Kama ardhi ina mteremko, egesha mkia wa trela uelekee upande wa juu ili rampu ilale.

Usiipandishe pikipiki ukiwa umeikalia. Tembea ubavuni, gia ya kwanza, ukiachia klachi kidogo kidogo, na mwenzio ashike keria kwa nyuma. Boxer ni kama kilo 120 na ikilala upande wako kwenye rampu hutaizuia.

Ndani, gurudumu la mbele liingie kwenye kishikio. Stendi ya pembeni iinuliwe, gia ibaki ya kwanza, koki ya mafuta ifungwe. Mikanda minne ya racheti: miwili mbele, kutoka shingoni mwa uma chini ya usukani hadi pete za sakafuni, ikivuta kwenda mbele na pembeni, miwili nyuma kutoka kwenye fremu. Mikanda isishikwe kwenye mikono ya usukani, huteleza na kupinda vyuma. Kaza mpaka shokabu za mbele zilale nusu ya mchezo wake. Ukizikandamiza hadi mwisho utaziumiza sili za mafuta.

Ile mipira ya tyubu tunayofungia magunia kwenye boda haina nafasi hapa. Inavutika, na kinachovutika hurudi: kila shimo la barabara linaipa pikipiki nafasi ya kuruka. Kamba za nailoni nazo hulegea. Shemeji alikuwa na tyubu nne amezikunja vizuri kabisa, nikamwomba azirudishe kwenye gari.

Hatua ya 4: Uzito juu ya boli

Jumla ya trela yangu ikiwa na pikipiki mbili, maji na vyombo ni karibu kilo 800. Boli inapaswa kubeba kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito huo, yaani kilo 80 hadi 120. Huhitaji kwenda mizani ya malori. Toa trela kwenye pikapu tena, mawe yakiwa magurudumuni na viegemeo viwili vya chuma chini ya fremu ya nyuma, kama kidole kimoja kutoka kwenye fremu, visiiguse. Kisha egesha kichwa juu ya mizani ya kupimia watu, kwa urefu uleule itakaosafiri.

Kama mizani yako haifiki huko, chukua ubao mgumu. Upande mmoja uegemee tofali, mwingine mizani, kati yao sentimita 90. Egesha kichwa cha trela sentimita 30 kutoka kwenye tofali. Mizani itasoma theluthi ya uzito. Zidisha kwa 3.

Siku ile na shemeji, trela ilisoma kilo 62 tu. Trela hizi zina gereji nyuma ya ekseli, kwa hiyo pikipiki zenyewe ndizo zinazoinua pua. Tulizisogeza zote mbili mbele kwa sentimita 30. Kilo 240 zikisogea hivyo, na kutoka ekseli hadi boli ni mita 2.7, boli huongezewa karibu kilo 27. Ikasoma 88. Dumu la maji la lita 20 likahamia chini ya kitanda, tukawa sawa.

Hatua ya 5: Njia

Kwenda Kwale mimi sipiti tena feri ya Likoni na trela. Maji ya bamvu yakipwa, rampu ya feri huwa mwinuko mkali na mkia mrefu wa trela hukwaruza chini. Braketi iliyoshushwa nayo inaning'inia chini ya pikapu na inaweza kugonga. Kamata barabara ya Dongo Kundu kutoka upande wa Miritini, utokee Ng'ombeni. Daraja la Mteza lina urefu wa zaidi ya kilomita moja na liko wazi. Msimu wa kusi, upepo hupiga ubavu wa trela ya boksi bila kizuizi. Punguza mwendo kabla hujaingia darajani.

Mkia ukianza kucheza, toa mguu kwenye mafuta na ushike usukani wima. Usikanyage breki ghafla, usiongeze mwendo, usipigane na usukani.

Jambo moja la matairi makubwa: saa ya mwendo hudanganya. Kipenyo kikiongezeka asilimia 7, ikisoma 70 wewe uko karibu 75. Nilimwekea shemeji kikomo cha 65 kwenye saa.

Simama Ng'ombeni, ukaze mikanda upya. Siku ile mikanda miwili ya mbele ilikuwa imelegea meno matatu ya racheti. Gusa vikombe vya magurudumu kwa kiganja. Vuguvugu ni sawa, moto wa kukuondoa mkono ni beringi. Kutoka Kombani barabara hupanda mlima hadi Kwale, na kurudi ni kushuka: shuka kwa gia ileile uliyopandia.

Kushusha: fungua mikanda ya nyuma kwanza. Kabla ya kugusa racheti za mbele, mtu mmoja awe ameshaishika pikipiki kwa mikono miwili.