Jinsi ya kulinganisha shule za sekondari za kata kabla ya kumwombea mtoto uhamisho

Mtoto akishapangiwa shule ya kutwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, mzazi bado anaweza kuomba uhamisho. Shida ni kwamba wengi huomba kwa kusikia tu kuwa "shule ile inafaulisha". Tangu Januari 2023 NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, haitangazi tena shule kumi bora, lakini matokeo ya kila shule yako wazi kwenye tovuti yake, na hayo ndiyo yatakayokusaidia kuchagua kati ya shule tatu au nne ambazo mwanao anaweza kuzifikia kwa miguu au kwa daladala moja. Andaa daftari na bando, tenga jioni moja ya hesabu na asubuhi moja ya kutembea.

1. Pata namba za vituo vya mtihani. Majina ya shule yanafanana nchi nzima, kwa hiyo usitafute kwa jina pekee. Uliza namba ya kituo, ile inayoanza na S, kisha hakiki mkoa ulioandikwa kwenye ukurasa wa matokeo. Namba ya P ni ya watahiniwa wa kujitegemea, iache. Usiweke shule ya kata kwenye mizani moja na Ilboru, Kibaha au Mzumbe; zile huchaguliwa wanafunzi wenye ufaulu wa juu tangu darasa la saba.

2. Nakili matokeo ya Kidato cha Nne ya miaka mitatu. Mwaka mmoja hudanganya. Kwa kila mwaka andika waliosajiliwa, waliofanya mtihani, na idadi ya kila daraja kuanzia I hadi 0. Jedwali hutenganisha F (wasichana) na M (wavulana). Kama mwanao ni binti, soma mstari wa F peke yake.

Daraja hutokana na masomo saba aliyofanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Pointi 7 hadi 17 ni Daraja la I, 18 hadi 21 la II, 22 hadi 25 la III, 26 hadi 33 la IV. Kwa hiyo GPA ya shule, yaani wastani wa pointi, ikiwa ndogo ndiyo nzuri, na hapa wazazi wengi husoma kinyume. Jumlisha I, II na III. Usiingize IV, hata kama shule inaihesabu kuwa ufaulu, kwa sababu wengi wa daraja hilo hawafikishi C tatu zinazotakiwa kwenda Kidato cha Tano.

3. Rudi nyuma miaka miwili. Hatua hii ndiyo yenye thamani kuliko zote, na karibu kila mtu huiruka. Waliofanya Kidato cha Nne 2024 walifanya upimaji wa Kidato cha Pili 2022. Fungua matokeo hayo, uone walikuwa wangapi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Shule A ina watahiniwa 180 wa Kidato cha Nne, na 36 wamepata I hadi III: asilimia 20. Shule B ina 62, na 19 wamepata I hadi III: karibu asilimia 31. B inaonekana kuwa mbele sana. Sasa angalia Kidato cha Pili: A ilikuwa na 190, B ilikuwa na 95. Gawa upya: A ni 36 kwa 190, asilimia 19, B ni 19 kwa 95, asilimia 20. Tofauti imeyeyuka. Wanafunzi 33 wa B walikariri darasa, walihama, au waliacha shule, na mwanao angeweza kuwa mmoja wao. Hesabu hii ni ya makadirio, maana wanaokariri huingia kundi la nyuma yao, lakini pengo kubwa likijirudia miaka mitatu, muulize mkuu wa shule watoto hao walikwenda wapi.

4. Shuka hadi kwenye masomo. Chini ya ukurasa kuna jedwali la somo kwa somo. Linganisha Hisabati kwanza. Kisha Fizikia na Kemia, ukitazama idadi ya waliofanya. GPA nzuri ya Fizikia yenye watahiniwa 9 katika shule ya watu 180 inaonyesha kuwa wengine wote hawakuendelea na Fizikia hadi mtihani.

5. Nenda ukaone, Jumatano saa nne asubuhi. Uliza walimu wa Hisabati ni wangapi kwa mikondo mingapi. Omba kuona maabara na ufungue bomba: kama halitoi maji na vumbi limelala kwenye meza, vitendo vinafanyika kwa kuchora ubaoni. Hesabu matundu ya vyoo. Kiwango ni tundu 1 kwa wasichana 20 na 1 kwa wavulana 25. Uliza chakula cha mchana ni kiasi gani. Ada imefutwa, lakini mtoto anayeshinda njaa hadi saa tisa hasomi, awe shule gani.

6. Barua. Hakikisha kwanza shule unayoitaka ina nafasi, ndipo uandike kupitia mkuu wa shule aliyopo hadi kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri. Usingoje Kidato cha Nne. Usajili wa mtihani ukishafanyika, kumhamisha ni kumsumbua bure.