DT 125 ya mzee imelala stoo? Anza na injini, rangi iache mwisho

Kama kwenu kuna pikipiki ya Yamaha DT 125 au 175 ya zamani, zile walizokuwa wanatembelea mabwana shamba na makatekista enzi hizo, usiiuze chuma chakavu na pia usikimbilie dukani kununua rangi. Ya kwangu niliachiwa na baba mdogo, alikuwa bwana shamba huku Kilolo, ikakaa stoo ya mahindi zaidi ya miaka kumi na kuku wanatagia juu ya kiti. Nilipoichukua nikaanza na rangi. Nikapiga msasa, nikapuliza, ikapendeza kweli, nikahangaika ikawaka, nikatoka nayo kama kilomita sita pistoni ikajam katikati ya barabara. Ikabidi niivue yote upya na rangi yenyewe ikachubukia palepale kwenye kuvua. Sasa haya naandika kwa mpangilio ambao ningeufuata toka siku ya kwanza.

Kabla ya spana, tafuta kadi. Namba ya chesesi imegongwa kwenye shingo ya fremu pale usukani unapoingia, ya injini iko kwenye kesi yenyewe, zisome zote mbili ulinganishe na kadi, maana nyingi ya hizi pikipiki zilinunuliwa mnadani na hakuna aliyebadilisha jina TRA, halafu aliyenunua keshafariki. Maliza hilo kwanza, utaumia sana ukija kuweka hela zako kwenye chombo ambacho sio chako kwa karatasi.

Alafu piga picha. Nyingi. Kila waya unakoingia, kila kebo inakopita, washa iko upande gani wa nati, yaani piga mpaka uone umezidisha kisha ongeza kumi. Bolti zako weka kwenye trei za mayai, kila tundu na karatasi yake, usiweke zote kwenye kopo moja la rangi maana miezi miwili baadaye hutakumbuka ipi fupi ipi ndefu, na bolti ndefu ukiilazimisha kwenye tundu la bolti fupi inatoboa kesi ya alminiamu.

Ukikuta kiki haishuki usiirukie na miguu yote miwili. Toa plagi, mimina dizeli iliyochanganywa na oili kidogo, vijiko vitatu vinne, iache siku tatu hadi wiki huku unaongezea, ndo ujaribu taratibu kwa kuweka gia kubwa na kuzungusha tairi la nyuma kwa mkono mbele nyuma mbele nyuma. Ikigoma fungua hedi uone kwa macho.

Kitu kingine kinachoharibu sana hizi injini ni bisibisi. Zile skrubu za kesi zinafanana na za msalaba tulizozoea lakini sio, ni za Kijapani, msalaba wake una kona tofauti, ukiweka bisibisi ya kawaida inapanda juu na kula kichwa, ndo maana DT nyingi utazikuta zimepigwa patasi. Tafuta bisibisi ya kugonga kwa nyundo na ncha zinazoshika vizuri, gonga, zungusha, zinatoka. Wakati wa kurudisha nunua bolti za M6 za elenki, hutateseka tena.

Sasa tuje kwenye roho yenyewe, na hapa naomba usiruke. Mafundi wetu wengi wa siku hizi wamekulia kwenye Boxer na TVS, wazuri kabisa, lakini tu-stroku ni kitu kingine. Boxer ina valvu na oili yake chini. Hii ya kwetu inavuta mchanganyiko wa hewa, petroli na oili mpaka chini ya pistoni, pale kwenye kranki (ile shafti inayozungushwa na pistoni), halafu pistoni ikishuka inausukuma kupanda juu kupitia njia za pembeni za bloku. Maana yake kesi ya chini lazima ishike upepo kama tyubu. Na kinachoshika upepo huo ni oili sili mbili za kranki, yaani zile pete za raba za kuzuia kuvuja, ambazo zikikaa miaka kumi bila kuguswa na oili zinakauka na kuwa ngumu kama plastiki.

Sili ya kushoto iko nyuma ya magneto. Ikifa inavuta hewa ya bure, mchanganyiko unakuwa mkavu (hewa nyingi, petroli kidogo), injini inapandisha sailensa yenyewe, yaani inanguruma kwa kasi bila kuiongezea mafuta, inachemka, pistoni inajam. Hicho ndo kilichonipata mimi, na nilikuwa nalaumu kabureta wiki nzima. Ya kulia iko upande wa klachi, hiyo ikifa injini inanyonya oili ya giaboksi, utaona moshi mweupe hauishi na oili ya gia inapungua wakati chini hakuna hata tone. Ukiona dalili yoyote kati ya hizo, hata pistoni ikiwa mpya ni kazi bure. Badilisha zote mbili, hata ile inayoonekana nzima. Kuna injini ambazo sili ina ukingo ulioshikwa na kesi, haitoki mpaka upasue, usiivute kwa nguvu na bisibisi ukachana alminiamu. Na kutoa flaiwili ya magneto tafuta pula yake, kile chombo cha kuivutia kinachofungwa kwenye nyuzi, kwanza angalia nyuzi zinaenda kulia au kushoto, usigonge ncha ya kranki kwa nyundo hata kama fundi amekuapia kuwa yeye ndo anavyofanyaga.

Sili wala usisumbuke kutafuta zilizoandikwa Yamaha. Ubavuni kumechapwa vipimo vitatu, kipenyo cha ndani, cha nje na unene, nenda navyo duka la beringi. Beringi nazo hivyohivyo zina namba, 6202 ni 6202 popote pale, ila za kranki ulizia zenye alama ya C3 na chukua za kampuni inayoeleweka, hapa sio pa kubana elfu kumi. Kwa Dar ni Kariakoo, walioko Nairobi ni Kirinyaga Road, na kama uko mkoani tuma mtu akiwa na sampuli mkononi, usiseme "ya DT" peke yake kwenye simu.

Ukishafunga usiwashe kwanza, pima upepo. Mimi natumia mashine ya presha ya damu, ile ya kubinya kwa mkono yenye saa. Ziba mdomo wa ekzosi kwa kipande cha mpira wa tyubu na bati nyuma yake, funga plagi, ziba kile kibomba cha oili kinachotoka kwenye pampu, shusha pistoni chini kabisa, kwenye raba ya kabureta weka kizibo chenye tundu la kupitisha mpira wa ile mashine. Pampu mpaka saa isome 250, ambayo ni karibu psi 5, usizidishe hapo, kaa uangalie dakika tano sita. Mshale ukisimama umeshinda. Ukishuka haraka chukua brashi na maji ya sabuni, paka kwenye sili, kwenye gasketi, kwenye ile raba yenyewe maana huwa ina nyufa ambazo huzioni mpaka uikunje, povu litakuonyesha. Kifaa hichi kimoja kingeniokolea pistoni.

Bloku sasa. Ipeleke kwa mtu wa mashine apime, sio kwa kuingiza kidole, apime juu, katikati na chini. Kama imelika inapigwa bori (inatanuliwa) kwenda ovasaizi, zinapanda kwa robo milimita, 0.25, 0.50, 0.75 hadi 1.00, na sheria ni moja tu: nunua pistoni kwanza, mpe mkononi, apige bori kwa kuifuata hiyo pistoni. Mwambie kabisa baada ya bori alainishe makali ya matundu ya bloku, kwa sababu waliozoea Boxer hawakutani na matundu ubavuni mwa silinda, wanaacha makali kama wembe na ringi inakatikia hapo.

Ringi kabla ya kuvaa ziingize kwenye bloku zenyewe, zisukume ziende sawa, pima mwanya wa mdomo wake kwa fila geji, ukiwa kati ya milimita 0.2 na 0.4 uko vizuri. Ukiangalia kwenye mfereji wa pistoni kuna kapini kadogo, mdomo wa ringi lazima ukae pale pale kwenye kapini, na mshale wa juu ya pistoni unaangalia ekzosi. Klipu za pini ya pistoni weka mpya siku zote, na kabla ya kuziweka ziba mdomo wa kesi kwa kitambaa safi, klipu ikidondokea chini kwenye kranki utalia. Nati za hedi kaza kwa msalaba, kidogokidogo.

Kabureta ni ya Mikuni na haina mambo mengi. Fungua, loweka, puliza. Ile jeti ndogo ya sailensa ndo huwa imeziba kabisa na petroli iliyoganda, usiitoboe kwa sindano maana utaipanua, tumia uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme.

Oili watu wanaichukulia poa na ndo inaua. Hizi Yamaha zina tanki lake la oili na pampu inayojichotea yenyewe, usiing'oe kwa sababu jirani kakwambia kuchanganya kwa mkono ndo salama, pampu hizi ni nzuri na hufa kwa kuachwa zikavu tu. Toa hewa kwenye mpira wake mpaka usione povu hata moja, hakikisha kebo inavutika pamoja na ya mafuta, halafu tanki la kwanza la petroli changanya pia mililita 20 kwa kila lita kama bima, hata likitoa moshi mwingi vumilia. Kama pampu haipo kabisa au imekufa, ni mililita 40 kwa lita bila kukosa. Na iwe oili ya tu-stroku, sio ile ya Boxer wala ya kupimia kwenye kidumu.

Tanki la petroli lina kutu ndani, hilo halikwepeki. Toa koki, ziba, weka nati chache na siki, tikisa, acha usiku kucha, rudia mpaka maji yatoke bila wekundu, suuza na maji yenye magadi ya kuokea keki, kausha juani siku hiyohiyo na upake petroli yenye oili nyingi ndani isirudi kutu. Asidi ya betri usiweke, inakula bati lenyewe. Na kulichomelea tanki lililowahi kuwa na petroli usikubali kabisa, hata likiwa limekaa tupu mwaka mzima, limeshaua watu.

Ekzosi nayo ina masizi ya oili ya miaka yote hiyo, chomoa ile bomba ya ndani ya mwisho uichome kwenye moto wa kuni mpaka iwe nyekundu, ikipoa gonga. Kwa moto wa plagi, yenye pointi (vile vidomo viwili vinavyoachana kukata umeme) acha mwanya wa milimita 0.35, safisha uso wake kwa karatasi kavu, na ziwe zinaachana pistoni ikiwa imebakiza pungufu kidogo ya milimita 2 kufika juu, unapima na venia kupitia tundu la plagi. Za CDI (moto wa elektroniki usio na pointi) hazina hilo, we angalia waya na koili tu.

Chini kuna bolti moja ya kuiogopa, ile ndefu ya swingiamu. Huwa imeshikana na bushi zake kwa kutu, iloweshe siku kadhaa, pasha moto, gonga ukiwa umeacha nati kwenye ncha ili usiue nyuzi. Spoku zilizolegea ukizigonga zinasikika tofauti, kaza au badilisha, rimu ni 21 mbele na 18 nyuma. Brekishu za zamani vumbi lake usipulize kwa mdomo wala kompresa, futa kwa kitambaa kibichi, lining za enzi zile zilikuwa na asbesto.

Ndo sasa rangi. Fremu brashi ya waya, msasa, praima, rangi, na ufa ukiuona peleka kwa mchomeleaji, usiufunike na pati. Tanki kama stika zake za kiwandani bado zinasomeka mimi nakuomba uziache, hata kama pembeni pamefifia. Na usikubali kuvua injini yake kuweka ya Kichina, naziona nyingi zimefanywa hivyo na huwa naumia, kwa sababu kilichokuwa kinahitajika ni sili mbili tu.

Ikiwaka mara ya kwanza iache dakika mbili tatu, zima, ipoe kabisa mpaka ushike bloku kwa mkono, rudia mara tatu, kisha kaza tena nati za hedi ikiwa baridi. Kilomita 500 za kwanza usiifungulie mafuta yote na usibebe mtu. Toa plagi kila mara uisome, kahawia kama maganda ya karanga ni sawa, nyeupe simama hapohapo tafuta hewa inaingilia wapi. Na ukishuka mlima mrefu kama Kitonga usifunge mafuta ukaacha gia ishike kama ulivyozoea kwenye Boxer, huku oili inakuja kwa kufuata mafuta, ukiyafunga injini inazunguka kwa kasi huku inapata oili kidogo sana. Shika breki, vuta klachi, ifungulie mafuta kidogo kila baada ya muda mpaka ufike chini.