Usijibu dodoso kwa usiku wa jana

Ukipewa dodoso la usingizi au sonona, angalia kwanza linauliza kipindi gani. PHQ-9 ya sonona na GAD-7 ya wasiwasi zinauliza wiki 2 zilizopita. PSQI ya usingizi inataka mwezi mzima. Wengi wetu tunajibu kwa usiku mmoja mbaya, alama zinapaa bure. Na muda wa kulala si muda wa kuwa kitandani: ukipanda saa 4 ukasinzia saa 6, hesabu kuanzia saa 6, hata kama simu ndiyo iliyokukesha. Swali la 9 la PHQ-9, la kufikiria kujidhuru, ni habari nyingine: ukiweka hata alama 1, mwambie mhudumu wa afya siku hiyohiyo, jumla iwe ndogo namna gani.