Pikipiki ikizima njiani, tafuta kijiwe kwanza
Juzi waya wa klachi ulinikatikia barabara ya Morogoro, kabla sijafika Chalinze, na nikajifunza hili: usianze kwa kumpigia fundi wako wa mjini. Simamisha bodaboda yeyote anayepita, umwombe akuitie fundi wanayemtumia kwenye kijiwe chao. Boxer na TVS ndizo zimejaa vijiweni, kwa hiyo waya, plagi au tyubu mara nyingi ipo duka la spea la hapo hapo. Mweleze fundi dalili kwa simu kabla hajaondoka: imezima ghafla, stata inapiga lakini haiwaki, au cheni imekatika. Usipomweleza, atakuja mikono mitupu na utalipia safari mbili.

Ikishindikana, itisha Kirikuu (kile kigari kidogo cha mizigo) au bajaji ya mizigo. Elewaneni bei kabla ya kupakia, funga koki ya mafuta, kaza kamba pande zote mbili za usukani. Kusukumwa kwa mguu na pikipiki nyingine ni jambo la kawaida, najua, lakini kwenye barabara ya malori tafadhali kataa.

Njia ya kijiwe haisaidii kwa pikipiki kubwa za safari, maana spea zake hazipo vijijini; hizo pakia moja kwa moja. Usiku wa manane vijiwe huwa vitupu. Na ikizimia ndani ya Hifadhi ya Mikumi, usiikokote kwenda kutafuta watu: kaa barabarani pembeni, simamisha gari lolote, kwani wanyama wanavuka pale.