Namna ya Kupanga Mwisho wa Wiki Mjini Harpers Ferry

Harpers Ferry ni mji mdogo wa jimbo la West Virginia, nchini Marekani, uliojibana pale Mto Shenandoah unapoingia katika Mto Potomac, kwenye milima ya Blue Ridge ambayo ni sehemu ya safu ya Appalachian. Wakazi wake hawafiki 300. Kwa sababu ya udogo huo wageni wengi huupitia kwa saa tatu, wakapiga picha ukingoni mwa mto na kuondoka, ilhali nusu ya historia yake iko juu ya kilima ambacho hawakukipanda. Mji huu unahitaji siku mbili na viatu vizuri.

Jambo la kwanza kuamua ni usafiri. Anayetokea Washington, umbali wa takriban kilomita 100, anaweza kupanda treni ya abiria ya MARC Ijumaa alasiri, lakini akumbuke kwamba njia hiyo haifanyi kazi Jumamosi wala Jumapili, kwa hiyo kurudi itambidi atumie treni ya Amtrak inayotoka Chicago, ambayo huchelewa mara kwa mara. Mwenye gari asijaribu kuegesha mji wa chini, kwa kuwa nafasi ni chache mno. Aliache kwenye kituo cha wageni cha hifadhi ya taifa kilicho nje kidogo ya mji, kisha apande basi la hifadhi. Weka nafasi ya malazi mapema ikiwa unakusudia kwenda Oktoba, majani yanapogeuka rangi na mji kufurika watu. Mimi ningechagua mwanzo wa Novemba: majani mengi yamekwisha kupukutika, na mabonde huonekana vizuri zaidi.

Jumamosi asubuhi anzia mji wa chini kabla mabasi hayajajaa. Serikali ilianza kujenga kiwanda cha silaha hapa mwaka 1799 kwa ajili ya nguvu ya maji ya mito, na silaha hizo ndizo zilizomleta John Brown, mpinzani wa utumwa, usiku wa tarehe 16 Oktoba 1859, akiwa na wafuasi 21, watano kati yao wakiwa watu weusi, kwa nia ya kuwapa watumwa silaha ili wajikomboe. Mtu wa kwanza kuuawa katika uvamizi huo alikuwa Heyward Shepherd, mtu mweusi aliye huru aliyefanya kazi katika reli; ni jambo chungu, na halifai kurukwa. Brown alizingirwa katika jengo la magari ya zimamoto, akakamatwa na askari wa majini walioongozwa na Robert E. Lee, aliyekuwa kanali wa jeshi la Marekani. Jengo hilo utaliona, ila usidhani liko mahali pake pa asili: lilibomolewa na kupelekwa Chicago kwa maonyesho ya mwaka 1893, likarudishwa na kuwekwa shambani, likahamishiwa Chuo cha Storer utakachokiona mchana, na mwaka 1968 ndipo lilipoletwa lilipo sasa. Mnara mdogo wa jiwe huonyesha mahali lilipokuwa mwanzo. Tafuta pia alama za mafuriko zilizochorwa ukutani, ambazo zinaeleza vyema kuliko maelezo yoyote kwa nini biashara za mji huu zilikufa.

Mchana panda ngazi zilizochongwa katika mwamba, upite kanisa la Mtakatifu Petro hadi Jefferson Rock, mahali ambapo Thomas Jefferson, baadaye rais wa Marekani, alisimama mwaka 1783 akayasifu mandhari. Wengi hugeuka hapo na kurudi. Wewe endelea hadi kilichokuwa Chuo cha Storer, kilichofunguliwa mwaka 1867 kuwasomesha watu waliotoka utumwani na kufungwa mwaka 1955. Frederick Douglass, mpigania haki aliyewahi kuwa mtumwa, alihutubia hapo mwaka 1881 akimtetea Brown, na Agosti 1906 msomi W.E.B. Du Bois na wenzake wa Vuguvugu la Niagara, kundi la wapigania haki za watu weusi, walikutana hapo kudai haki kamili za uraia, wakaenda kwa miguu mitupu hadi kwenye jengo lile la zimamoto, lililokuwa bado shambani.

Jumapili iwe siku ya mlima. Vuka daraja la waenda kwa miguu lililo sambamba na reli, ambalo ni sehemu ya Njia ya Appalachian yenye urefu wa takriban kilomita 3,500, uingie Maryland na kupanda Maryland Heights. Kwenda na kurudi hadi kwenye mwamba unaotazama mji ni kilomita 7 hivi, na mwinuko wake ni mkali, kwa hiyo chukua maji ya kutosha na uondoke mapema. Wakati wa joto jikague kupe baada ya matembezi, maana huko hueneza ugonjwa wa Lyme. Usishawishike kuogelea mitoni, hata maji yakionekana yametulia, kwa sababu mkondo wa chini una nguvu na umekwisha kuua watu.

Ikiwa gari lipo na muda umebaki, pitia Charles Town, mwendo wa kilomita 13 hivi, uone jengo la mahakama alikohukumiwa Brown kabla ya kunyongwa katika mji huohuo tarehe 2 Desemba 1859.